Bei Kabla ya Salamu

Baba Zaituni,

Eda imekwisha. Nimeketi mlangoni pa jikoni, mvua ya Sosiot imeanza kama kawaida yake ya mchana, na fahali wako anatafuna majani ya nepia bila wasiwasi wowote. Mimi ndiye mwenye aibu. Nimeona afadhali nikuambie mwenyewe kabla hujaletewa habari na wengine.

Unakumbuka ulivyomleta akiwa ndama, mwekundu, miguu mirefu, na doa jeupe kwenye paji la uso? Nilidhani tumepata mradi. Kila mwenye fahali mzuri huku kwetu alilipisha. Lakini majirani walipoanza kuja wakivuta ng'ombe kwa kamba, nilikuona ukiwarudishia pesa zao. "Weka mfukoni, mzee. Mtume alikataza malipo ya dume kupanda." Arap Koech, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, akakuuliza, "Kwani Mtume alijua ndume ya Sosiot?" Nawe ukacheka kumshinda.

Mimi sikucheka. Mimi niliyezaliwa hapa hapa na kusilimu kwa ajili yako ndiye niliyeketi kwenye kituo cha kuuzia majani chai, nikisikia wanawake wakiliita boma letu "kwa bure". Niliona haya, na Zaituni alikuwa amevaa viatu vilivyochanika. Nilikuuliza jioni ile kama dini imekataza hata kupokea sukari ya asante. Ukanijibu polepole, vile ulivyozoea kumjibu mtu mwenye hasira: "Kilichokatazwa ni bei. Unamuuzia mtu kitu usichojua kama kitashika. Lakini akileta zawadi kwa moyo wake, bila kuagizwa, pokea."

Halafu akaja yule mtu wa mifugo na pikipiki yake, amebeba mbegu ya fahali kwenye mtungi wa baridi kali. Wengine waliuliza tu ni pesa ngapi. Wewe ulivaa kanzu yako ya Ijumaa ukaenda mpaka Kericho kumwuliza sheikh kama inafaa kumwita. Ulirudi umelowa chapachapa, umefurahi kama aliyeshinda kesi: analipwa kwa kazi yake na petroli yake, basi hakuna neno. Nilikuona mtu wa kujitafutia matatizo. Ndivyo ulivyokuwa hata kwenye udhu, unatawadha kwa maji ya alfajiri, kidole kwa kidole, meno yanagongana, na maji ya moto niliyokupashia yako jikoni. Ulisema hutaki kuyamaliza, watoto wataoga nayo.

Ulipotutoka, nilikaa ndani kama sheria inavyotaka. Watu walipiga hodi, wakasema pole mama, wakafungua zizi wenyewe, wakaenda zao. Humo ndani ndimo nilimopokea habari kwamba Zaituni ameitwa shule ya upili, ile uliyoiombea. Na karo hakuna. Nikajitolea fatwa mwenyewe: dharura huhalalisha. Eda ikiisha, nikasema, fahali ataanza kufanya kazi ya malipo kama wenzake.

Juzi asubuhi, mara yangu ya kwanza kutoka, nikamwona Mama Kiprono wa kule juu amesimama langoni, kamba mkononi, ng'ombe nyuma yake. Wewe unajua, ng'ombe langoni kwetu ni habari moja tu. Sikumsalimu. Nilipaza sauti kutoka mbali kama kondakta: "Kuanzia leo ni mia mbili, mama! Mzee hayuko tena."

Akaniangalia. Akaiangalia kamba.

"Hii si ya kupandwa, Mama Zaituni. Hii ni mtoto ya ndume yenu. Itapandwa na babake?"

Ndipo nikatazama vizuri. Mtamba mwekundu, na lile doa jeupe la fahali wako kwenye paji la uso. Mtoto yeyote wa hapa, hata asiyeenda shule, angeliona kabla yangu.

"Ni ya Zaituni," akasema. "Imsaidie kusoma. Nilikuwa nangoja umalize ile kukaa ndani yenu, nisikusumbue."

Niliomba ardhi ipasuke inimeze. Naye akaanza kufungua pindo la leso, akisema kama kuna mia mbili ya kulipa, nimngoje kidogo atafute. Hakuwa akinikejeli, Baba Zaituni. Alidhani kweli kuna kitu hajalipa.

Adhuhuri niliswali sijui nasoma nini. Uliniambia zawadi ni ile isiyoagizwa, na mimi nilikuwa nimeshataja bei. Je, bado ni zawadi, au nimeiharibu kwa mdomo wangu? Sheikh yuko Kericho, ningeweza kwenda. Niliona haya kumsimulia. Jana nikamfunga mtamba kamba, nikamrudisha. Nilimkuta Mama Kiprono katikati ya chai, kikapu mgongoni, nikamweleza yote, ya bei na ya zawadi. Alisikiliza huku mikono ikiendelea kuchuma.

"Hii kitu niliamua siku tulizika mzee," akasema. "Wewe umeongea juzi. Gani ilitangulia?"

Nikakiri kwamba ni yake iliyotangulia.

"Basi rudi nayo. Na uichunge, iko na mimba ya ile pikipiki."

Nilicheka na machozi yakitoka. Karo haijatimia. Zaituni ataanza na pesa ya majani chai, mengine tutayangoja kwenye maziwa, Mungu akipenda. Lakini aibu haijaondoka. Nakuonea aibu wewe pia, kwa miaka yote ile niliyofikiri unawagawia watu mali yetu, kumbe walikuwa wanaona na kukumbuka.

Leo asubuhi Arap Koech alikuja na ng'ombe wake. Habari ilikuwa imemfikia, Sosiot unaijua. Alisimama mbali na lango, noti mkononi, hanitazami usoni, na aliyestahili kuinamisha kichwa ni mimi. Nilitembea mpaka langoni, nikalifungua lote.

"Chamgei, Arap Koech," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu. Kisha nikamwuliza habari za watoto, za mama yao, na za mvua upande wao. Alipokwisha kunijibu yote, nikamwambia arudishe pesa yake mfukoni.

Mungu akupanulie huko uliko. Fahali wako hajambo.

Ni mimi mkeo,
Mama Zaituni