Maharage ya Ruti

Jumatatu, 7 Julai 2025

Leo tumekuta geti la stoo limeandikwa kwa chaki: kuchambua gunia moja, shilingi elfu tatu. Ijumaa lilikuwa elfu nne! Maharage ni yale yale, mawe ni yale yale, ni mgongo tu umezidi kuuma. Nimemwuliza Mbabazi, mwenye stoo. Akasema: "Mama, watu iko mingi." Basi. Mitaala yangu yote kwa maneno matatu! Miaka tisa nilifundisha ekonomi kwenye lycée, sekondari ya Uvira kule Kongo — offre na demande, ugavi na mahitaji, mistari miwili inakatana ubaoni kama mkasi. Nilichora vizuri sana. Sikujiuliza huo mkasi unakata nani.

Jumatano, 9 Julai

Kwa nini watu mingi? Marcienne anajua. Ni Mrundi, tunapanga naye chumba kimoja hapa Ruti, na habari haimpiti. Anasema kule Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, chakula cha msaada kimepunguzwa tena, kwa hiyo kila mwanamke mwenye vidole anakuja kuchambua maharage. Wiki iliyopita tulikuwa ishirini. Leo hamsini! Hakuna fasi ya kukaa. Mmoja amekalia mguu wangu mchana kutwa, akaomba msamaha jioni.

Jumapili, 13 Julai

Nakivale. Watoto wangu wamerefuka — au nguo zimefupika. Wanakaa kwa mdogo wangu Uwitonze, pamoja na watoto wake wanne. Kanisani Pasta Yonatani amehubiri kwamba kila mtu aridhike na mshahara wake. Mshahara! Wenye mshahara kanisa zima tulikuwa watatu, tukaangaliana kama wezi.

Baada ya ibada Uwitonze akauliza: "Dada, kule stoo kazi iko?"

Nikasema haiko, usije, mukizidi bei inashuka. Akakoroga uji. Nikajiona nimefundisha vizuri.

Jumanne, 15 Julai

Elfu mbili na nusu!! Marcienne ametamka neno la Kirundi ambalo Mkatoliki hapaswi kulijua.

Mchana nikawaambia wenzangu: keshokutwa lori la mnunuzi linakuja. Maharage yenye mawe hapokei. Kwa ile siku moja tu, sisi ndio tunatafutwa.

"Sasa Prof, tufanye nini?"

Tukae. Mikono mapajani.

"Na wakitufukuza?"

Nikasema siku ile hataweza, lori halingoji.

Wamekubali. Wakongomani wameapa kwa Biblia, Warundi kwa rozari. Marcienne kwa vyote viwili, kwa usalama.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika nimekaa juu ya gunia katikati ya geti, daftari magotini.

Saa tatu tulikaa. Wote hamsini na wawili! Hakuna punje iliyoguswa. Dereva wa lori akapiga honi, akachoka, akalala. Mbabazi amevua kofia, amevaa kofia, amevua tena. Saa tano akaniita pembeni: "Wewe iko na akili. Nakupa supavaiza. Mshahara ya kila mwezi. Ambia hawa bibi wafanye kazi."

Nikawaza pesa ya shule. Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nikawaza muda mrefu kuliko inavyofaa. Halafu nikasema: "Elfu nne. Kwa wote."

Akasonya, akatoa simu. Tukapiga vigelegele! Tulidhani anampigia mnunuzi kumwomba siku moja.

Sasa ni saa nane. Pikapu imesimama mbele yangu. Wanawake kama thelathini wanashuka, vumbi la Nakivale mpaka kwenye nyusi. Wameahidiwa elfu mbili. Mbabazi amevaa kofia na anatabasamu. Nyuma yangu Marcienne na wenzake wameshikana mikono: "Prof, sema kitu! Wewe ndiye ulitukalisha!"

Wa kwanza kwenye mstari ni Uwitonze. Amevaa kitenge changu cha kanisani.

"Dada, sogea."

Sijasogea.

"Asubuhi batoto walikunywa maji ya moto na chumvi. Wako, na wangu pia. Uliniambia kazi haiko. Mbona iko?"

Nimemwambia angoje kidogo, kuna kitu lazima niandike. Anangoja. Wote wanangoja, hata dereva ameamka. Ndiyo maana bado naandika — nikiinua kichwa, lazima nijibu.