Spana ya Osmund

Jumatatu, 6 Mei
Nimesafisha matundu ya vyuma kwa maji ya chumvi. Nimezungusha nati robo mzunguko, kama dokta alivyoelekeza. Vyuma vinatoboa ngozi hadi mfupani, vinaunyoosha mguu uliopinda tangu pikipiki iliponigonga barabara ya Namtumbo. Kila asubuhi robo tu. Inauma. Nikipona nitakanyaga tena pedeli ya cherehani. Bila pedeli mimi si fundi.

Jumatano, 8 Mei
Mume wangu ananichosha. Osmund ni fundi pikipiki, basi kila chenye nati anajiona anakijua. Leo kakaa kitako, anaukagua mguu wangu.

"Mama Rehema, hii robo robo itaisha lini? Nati inakazwa mara moja."

Nikamwambia mfupa si bomba la pikipiki. Akacheka.

Alhamisi, 9 Mei
Mama mkwe kaja kutoka Maposeni na maharage. Shikamoo yangu kaiitikia juu juu, kisha kauliza magauni ya Komunyo ya watoto niliyopewa kushona yataisha lini. Mguu hakuuulizia. Osmund alisikia yote, akabeba maharage akayapeleka jikoni.

Ijumaa, 10 Mei
Nilimeza dawa mchana, nikalala. Nimeamshwa na maumivu. Osmund kapiga magoti na spana yake ya gereji, ina grisi, anakaza. Kashazikaza nati zote.

"Nimekusogezea kazi," kasema.

Vidole vimekufa ganzi.

Jumanne, 14 Mei
Wodini. Usaha. Dokta amelegeza nati, ameosha vidonda, amechomoa baadhi ya vyuma. Mguu haukatwi. Ila kifundo cha mguu hakitakunjika tena. Pedeli basi.

Osmund kasimama mlangoni na chupa ya uji. Anasema alitaka niwahi magauni. Najua. Ndiyo maana nina hasira zaidi, angekuwa adui ningemtukana nikapumua. Uji sikunywa.

Jumamosi, 17 Agosti
Vyuma vimetoka. Natembea kwa kuburuza mguu.

Osmund kachomelea mpini kwenye gurudumu la cherehani. Mikono yangu yote inashika kitambaa, kwa hiyo anazungusha yeye. Mara ya kwanza alitumia nguvu, uzi ukakatika. Nikatunga uzi upya.

Sasa anazungusha polepole, macho chini. Sijamsamehe. Tumemaliza pindo moja.