Saksafoni na Fahali Aliyeibwa

Lodwar, Alhamisi usiku

Sijui kama kesho bado nina kazi. Leo redioni nilicheza ile albamu ninayoipenda ya acid jazz na soul, saksafoni mwanzo hadi mwisho, nikaomba maoni. Msikilizaji wa Katilu akasema ni kelele ya pampu mbovu ya shamba. Bosi akaniambia nisiirudie.

Kisha akapiga simu mzee mmoja wa Kapedo.

"Ejok," akanisalimu. "Huyu anapuliza tarumbeta, anaimbia ng'ombe yake?"

Sikucheka. Kwetu mwanamume humwimbia fahali wake.

"Labda, mzee."

"Yangu iliibiwa. Tangu hapo sijaimba. Rudia hiyo."

Nikairudia. Mzee akaanza kuimba palepale hewani. Bosi akaingia kwa hasira, akanyoosha mkono azime. Mkono ukabaki juu ya swichi mpaka mzee alipomaliza.