Mgonjwa wa Kuigiza

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Nyuma ya Karakana ya Baiskeli.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi, na zikukute umevaa soksi. U hali gani? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unaendesha lile basi umekaa upande? Wifi hajambo? Watoto je? Waambie shangazi yao anawauliza mmoja mmoja. Huku tu wazima. Shemeji yako ana kikohozi chake kilekile, ambacho sasa tumekizoea kama mtu wa nyumbani.

Barua yako ilifika, pamoja na picha mliyopiga jikoni. Nilikwambia kwenye simu kwamba nimeiona, kwamba umenenepa kidogo, na kwamba wifi amependeza sana na gauni lake jeupe. Ukabadilisha mazungumzo. Habari ya picha iache kwanza, nitairudia.

Habari kubwa ni kwamba dada yako anafundisha chuo kikuu. Ndiyo, mimi mwenyewe, niliyeacha shule ili nikubebe mgongoni. Cheka ukimaliza tuendelee.

Unajua kwamba kwa miaka mingi nimeshona majoho yao ya mahafali. Mwaka jana profesa mmoja wa udaktari, mama mwenye sauti ndogo na haraka nyingi, alikuja kupanuliwa joho lake. Wakati nampima akanieleza kwamba wanafunzi wake wamezunguka mitaani wakiwatafuta watu walioambiwa wakapasuliwe na hawakurudi tena hospitalini. Walitaka kujua kwa nini. Walitarajia kusikia habari ya nauli na foleni, na kweli walizisikia. Lakini jibu lililowarudia nyumba hadi nyumba lilikuwa jingine. Watu walisema, "Hakuna aliyenieleza." "Daktari aliongea na karatasi, au aliongea na mwanangu mkubwa, mimi nikiwa nimekaa pale kama kifurushi."

Profesa hakuulaza utafiti huo kabatini. Kuna chuo cha ng'ambo, cha nchi ya baridi kama hiyo yako, ambacho kwa miaka kimefundisha madaktari kuzungumza kwa kutumia wagonjwa wa kuigiza. Mtu mzima wa afya anapewa karatasi ya ugonjwa, anaingia chumbani, anaugua kwa mdomo tu, na mwanafunzi anajifunza kumsikiliza. Vyuo viwili vikashikana mikono. Profesa akaniambia, "Mama, wewe unajua kuongea." Nikamjibu kwamba hilo hata wanaonidharau wanakubali.

Karatasi za kwanza zilizoletwa na mgeni wao kutoka chuo hicho zilitufurahisha sana. Mgonjwa anaishi peke yake na mbwa. Anakuja hospitali peke yake, anaketi, na neno la kwanza anataja panapouma. Sasa wewe, nani anataja maradhi kabla ya salamu? Na nani anakwenda kwa daktari bila msafara? Mgeni mwenyewe, bwana mrefu mwenye adabu, ndiye aliyesema tuzipasue tuandike upya. Tukakaa meza moja, sisi wagonjwa wa kuigiza, walimu na yeye, tukamtoa mbwa, tukaingiza mume, binti na jirani mjuaji. Nasikia sasa na huko kwao wanatumia wagonjwa wetu wenye msafara, maana hospitali zao nazo zina watu wa kila taifa. Nimesafiri kabla ya kupata pasipoti.

Shemeji yako naye wamemchukua. Anaigiza mume anayemjibia mkewe kila swali. Walimpa karatasi ya kusoma, akairudisha, akasema haina haja.

Katika wanafunzi kuna binti mmoja tuliyempa jina la Samahani, kwa sababu hawezi kuanza sentensi bila neno hilo. Samahani naomba nikae, samahani naomba nikupime. Wenzake walikuwa na maneno mengi na tai nzuri. Yeye alikuwa anaulizauliza tu, taratibu, na mimi nilidhani hatafika mbali.

Siku moja nikapewa karatasi ya mama mwenye mtoto wa jicho ambaye hataki kupasuliwa. Mdogo wangu, umenisihi kwenye simu mara ngapi nikapimwe macho? Na mimi nakujibu ni miwani tu, ni vumbi tu, ni uzee. Ukweli ni kwamba uzi nilikuwa natungiwa na mke wa fundi baiskeli, na kitambaa nilikuwa nakijua kwa kukipapasa. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naona haya kuogopa.

Karatasi ilisema nidai kwamba naogopa maumivu. Tukaingia, shemeji yako kando yangu, profesa na wengine wakitutazama nyuma ya kioo. Samahani akakaa. Hakuanza kueleza. Akasema, "Samahani, Mama. Kabla sijasema lolote, wewe unaogopa nini hasa?" Shemeji yako akafungua mdomo anijibie, kama karatasi yake ilivyotaka. Yule binti akamwambia kwa upole, "Nakuja kwako, Baba. Nimemuuliza yeye."

Maneno ya karatasi yakanitoka kichwani yote. Nikasema, "Naogopa mlango."

Nikamweleza mlango wa kijani, ule aliopitishwa Mama siku alipopasuliwa tumbo. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, unalilia maji. Tulikaa kwenye benchi mchana kutwa. Watu waliingia na kutoka, na kwa kila aliyetoka nilisimama, na kila mmoja alitupita. Jioni tukaambiwa twende nyumbani. Kesho yake Mjomba akaja na habari, naye aliambiwa na mlinzi wa getini. Tangu hapo sijawahi kumlaumu mtu kwa kifo cha Mama, maana kifo ni cha wote. Lakini wale waliotupita bila neno sijawasamehe, na nilimwambia hivyo, mbele ya kioo na kamera yao.

Samahani aliweka kalamu chini. Hakusema samahani. Akanieleza kinachofanywa kwenye jicho, hatua kwa hatua, kwa maneno ya nyumbani, na kwamba ningekuwa macho nikisikia sauti za watu. Kisha akasema, "Na mimi nitatoka mlangoni niwaambie wako. Kama ni heri nitatoka, kama ni shari nitatoka."

Nyuma ya kioo walikuwa wanapiga makofi, wakidhani nimeigiza. Shemeji yako alikuwa amevua kofia. Profesa akaingia, akanitazama, akasema, "Mama, mlango haukuwamo kwenye karatasi." Nikamwambia, "Basi nipimeni." Shemeji yako akapumua kwa nguvu, akasema alijua siku nyingi, tangu nilipomshonea suruali yenye mfuko kwa nje, ila alingoja niseme mwenyewe. Mwanamume huyu na makelele yake yote! Kumbe na kunyamaza anajua.

Nimepasuliwa mwezi uliopita. Aliyefanya kazi ni daktari wao mkubwa, na mkono wake umebarikiwa. Lakini sikiliza hili, ambalo nimesimuliwa na mpwa wako, kwani mimi nilikuwa ndani. Walikuwa wamekaa kwenye benchi yeye na baba yake. Mlango ukafunguliwa, Samahani akatoka, hakuwapita. Akachuchumaa mbele ya shemeji yako akamwambia, "Baba, mama yuko salama, na anauliza kama mmekula." Mpwa wako anasema baba yake alilia kuliko siku ya harusi yake, harusi ambayo, kama unavyokumbuka, ilimliza kwa sababu ya viatu vya kuazima.

Siku waliyonifungua jicho nilirudi nyumbani nikaona vumbi la kutosha kupanda mahindi. Hakuna aliyekuwa ameniambia! Nikafagia, nikatunga uzi mwenyewe mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kisha nikaichukua picha yako nikakaa nayo dirishani.

Kwanza niombee radhi kwa wifi. Lile gauni jeupe ni jokofu. Mwenyewe yuko upande wa pili, amevaa buluu, na amependeza kweli.

Halafu nikakuangalia wewe. Una mvi, mtoto niliyekubeba, una mvi! Una paji pana na kidole kimegusa kidevu, mdomo umekunjwa upande mmoja kama mtu anayezuia kicheko. Tangu udogo umekuwa ukiniuliza Mama alifanana vipi, na kwa kuwa hakuacha hata picha moja nilikupa maneno, na maneno hayakukutosha, nilijua. Nimelia sana dirishani pale, lakini kwa raha.

Wasalimie wote: wifi, wanao, na yule jirani yako anayekuletea magazeti. Shemeji anakusalimu, mpwa wako anakusalimu, Samahani naye anakusalimu, anasema samahani hamjafahamiana. Mungu akulinde barabarani na akurudishe tukuone, maana sasa kuona kupo.

Na ukipata nafasi, mdogo wangu, simama mbele ya kioo, uzuie kicheko kidogo, kwa mdomo wa upande mmoja. Huyo ndiye Mama.

Ni mimi akupendaye tangu mgongoni,
Dada yako.