Mfuko Chini ya Mfuniko

Mpendwa mshauri, salamu nyingi na pole na kazi, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mkaa nyuma ya jiko, naomba unisaidie kabla siri hii haijanipasua, maana nina mimba ya miezi mitano na kila nikifunika sufuria moyo unanienda mbio.

Ninapika na mama mkwe wangu kwenye kibanda kilicho ubavuni mwa karakana ya maseremala. Huyu mama, mshauri, wee acha tu. Mumewe alifariki akamwachia watoto wanne wadogo na sufuria moja, akawasomesha wote kwa wali na maharage, na mimi nilipoolewa sikujua hata kuchagua mchele, akanishika mkono kama mwanawe wa kumzaa, hajawahi kuninunia, hajawahi kunisema kwa jirani, na maseremala wanamwita Mama Mvuke kwa sababu wali wake ukifunuliwa, harufu inamfikia hadi yule anayepiga randa kule mwisho.

Sasa mvuke huo una siri yake, nayo ni mfuko wa nailoni. Maji yakikaribia kukauka unautandaza juu ya wali, unafunika na mfuniko, mvuke hautoki, wali unaiva mapema na kila punje inasimama peke yake, ndivyo alivyonifundisha na ndivyo anavyomfundisha kila anayemuuliza. Lakini mwezi uliopita kliniki nesi alitukalisha wajawazito akatuambia plastiki na moto havipatani, ikipata joto inaachia kemikali kwenye chakula, nyingine zinavuruga homoni, na aliye tumboni hana pa kukimbilia, nikaona kama ananisema mimi, nikarudi nyumbani nikaficha kikombe cha plastiki cha mume wangu, nikatupa chanuo, nikatupa hata ndoo ya kuogea, mume wangu akaniuliza, "Mke wangu, kwani tunahama?" Nilipomweleza akacheka. "Mimi nakula wali wa mama tangu nimeota meno, mbona niko hai?"

Kwa mama sikuthubutu kufungua mdomo. Nikawa akienda kupakulia watu nauchomoa mfuko, nikisikia kandambili zake naurudisha, mpaka Jumanne nikaurudisha kwa haraka, ukagusa ukingo wa sufuria, ukasinyaa, na nilipoutoa ulikuwa na tundu, kipande cha ukubwa wa ukucha hakipo, nimepekua wali kwa mwiko sikukiona, nikaingiwa na hofu, nikaumwaga wote nikasema nimezidisha chumvi. Maseremala wakaanza kunung'unika. Mama akasimama mlangoni akawaambia, "Mwanangu ana mimba, ulimi wake hauonji sawasawa. Mwenye njaa anisubiri mimi, huyu asiguswe." Kisha akainjika sufuria nyingine, akachukua mfuko mpya, akautandaza. Mimi nikalia, akadhani nalilia wali.

Nikimwambia, itakuwa kama nimemwambia kuwa miaka yote hii amewalisha watu plastiki, na wanawe pia. Nikinyamaza, mtoto wangu je? Na wateja wanaobebea maharage ya moto kwenye mifuko je? Nifanyeje?

Mkaza mwana mwenye mawazo

MSHAURI ANAJIBU

Mkaza mwana, kwanza shukuru kwamba jina la utani la mama mkwe wako nimelibadilisha, maana ulivyoliandika, karakana nzima ingekuwa imeshajua kabla hujapuliza moto wa asubuhi. Siku nyingine uwe mwangalifu.

Pole, na hongera ya mimba. Nesi wako kasema kweli. Chakula cha moto, hasa chenye mafuta, huvuta vitu kutoka kwenye plastiki, na mifuko ile haikutengenezwa kwa kupikia. Wataalamu bado wanachunguza ni kiasi gani kinadhuru, kwa hiyo sitakutisha kwamba mtoto keshapata neno. Mweleze nesi kila kitu na usikose kliniki. Lakini si lazima tuwasubiri wataalamu wamalize ndipo tutoe mfuko kwenye sufuria. Na mumeo mwambie mshauri kasema kuwa hai si cheti cha afya, hata mvuta sigara hujisifu hivyohivyo.

Wewe nawe umezidi, mama! Chanuo mlilipika? Ndoo ya maji ya kuoga imekukosea nini? Kaichukue kama bado ipo. Umetupa vitu vyote visivyokutana na moto, ukabakiza kile kimoja kinacholala juu ya wali unaochemka.

Lililoniudhi hasa ni ule mchezo wa kuchomoa na kurudisha. Ndio uliokuunguzia mfuko. Mficha uchi hazai, na wewe uzazi uko njiani. Isitoshe, unayemwogopa ni nani? Ni yule aliyesimama mlangoni akakukingia kifua kwa chumvi ambayo haikuwepo? Barua za mama wakwe ninazo kabati zima, na nyingi nikizisoma kichwa kinaniuma. Yako nimeisoma mara mbili kwa raha. Mwanamke wa namna hiyo hafichwi kitu kwa kisingizio cha kumhurumia. Alitumia alichokijua akalea watoto wanne, na heshima yake haikujengwa na mfuko wa nailoni.

Basi fanya hivi. Kesho, kabla hamjawasha moto, mwambie ukweli wa Jumanne wote, pamoja na kile kipande. Kliniki ijayo nenda naye amsikie nesi kwa masikio yake. Tafuteni mfuniko mzito unaobana, punguzeni moto, wekeni makaa machache juu yake. Mvuke utakaa. Anayebeba chakula aje na bakuli la bati au hotpoti lake lenye chuma ndani. Mtu anayebeba mbao begani hatashindwa na bakuli. Chai inyweni kwenye kikombe cha bati au cha udongo, na maji ya kunywa msiyaache juani kwenye chupa za plastiki.

Ila usimwambie, "Mama, umekosea." Mifuko hii ilimkuta akiwa tayari anajua kupika. Alikuwa msichana jikoni kwa mama yake, hakukuwa na nailoni, na wali uliiva. Mwambie hivi: "Mama, nifundishe ule wali mliokuwa mnapika zamani." Atawahesabu moyoni wote aliowalisha, na huenda akalia. Usimkatize, wala usianze kumtetea. Akishafuta macho, mpishe jikoni akufundishe.