Jina Lililokwanguliwa kwenye Biblia

Philippa, niko garini nje ya nyumba ya shangazi Muriel. Nimechukizwa mno, hata gari sijaliwasha.

Unamjua yule babu yetu wa zamani, Obadia, mzee wa kanisa tunayejivunia kila Krismasi? Leo nimefungua Biblia yake ya mwaka 1847. Kwenye orodha ya watoto wake kuna jina limekwanguliwa kwa wembe. Limekwanguliwa, Philippa, mpaka karatasi imetoboka.

Nikatafuta kwa simu kwenye madaftari ya zamani, la ubatizo na la nyumba ya maskini, walikofungiwa mafukara. Ni Kezia, bintiye. Alipata mimba bila ndoa akiwa na miaka kumi na saba, na baba yake mwenyewe akampeleka nyumba ya maskini. Akafia huko, yeye na kichanga chake.

Nikamwonyesha shangazi. Akaendelea kumimina chai.

"Huyo usimwandike kwenye orodha ya ukoo, mwanangu. Jumapili ndugu wote wanakuja, atatuaibisha."

"Nani atatuaibisha, shangazi?"

"Kezia. Nani tena?"

Kezia, eti. Siyo Obadia.

Nikachukua kalamu, nikamwandika palepale kwenye Biblia, shangazi ananitazama. Akasema Jumapili nisikanyage kwake.

Nikamshukuru kwa chai, nikatoka.