Kwa Mwanangu Fundi Simu, Aliyetaka Buibui Wake Apate Joto

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu alasiri ile ya mvua ulipoingia chumbani kwako na jiko la mkaa, ukafunga mlango.

Wateja wako bado wanapita. Juzi mmoja kaja na simu iliyoingia maji, anamuulizia "yule fundi mpole." Nikamwambia hayupo.

Ulikuwa mpole kwa kila kiumbe, hata kwa yule buibui wako mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja. Ukamwita Shangazi, eti hacheki na mtu. Shangazi yako mwenyewe alinuna wiki nzima! Maji ulimwekea kwenye kifuniko cha chupa, panzi mmoja kila Jumamosi, boksi lake mbali na jua. Nikipiga kelele unasema, "Mama, yeye ndiye anayekuogopa wewe."

Baridi ilipoingia ukasema Shangazi amejikunyata, hali kitu. Madirisha ukayaziba kwa magazeti. Ukaniomba makaa, nikakupa kwa mkono wangu huu, yamekolea. Siku zote nilimhofia buibui. Makaa sikuyahofia hata kidogo. Saa kumi nikachungulia, nikakuona umelala chali. Nikasema, mtoto kachoka. Nikarudisha mlango polepole.

Mnaosoma, nawaomba. Makaa yakishakuwa mekundu hayatoi moshi, lakini hewa yake inaua na haina harufu. Daktari alinieleza nikiwa nimeshachelewa. Msiyaingize kwenye chumba kilichofungwa, si kwa mtoto, si kwa mnyama. Na mkimkuta mtu amelala humo, fungueni, mtoeni nje, pigeni kelele mkiita watu. Msirudishe mlango.

Mimi situlii. Nazunguka nikijaribu madirisha. Baba yako anasema, "Kaa chini, mama watoto, hilo umelifungua mara ya nne." Nakaa, nainuka.

Shangazi yupo, dada yako ndiye anamlisha. Mwezi uliopita tulimkuta chali, miguu juu. Nikashika fagio. "Mama, muache!" dada yako akapiga ukelele. "Kaka alisema akilala hivyo anavua ngozi." Nikakaa kwenye kiti chako, sikuondoka, mpaka akageuka.

Kwako sikukaa hata dakika moja.

Tunakukumbuka mimi mama yako, baba yako, dada yako, na shangazi yako aliyekwisha kukusamehe. Madirisha yako hayafungwi tena, na wewe hututoki moyoni siku zote.